Sauti Zilizorandwa

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshaoga vumbi la mbao na umekaa kwenye kile kiti chako chenye mguu uliofungwa waya. Najua u mzima kwa sababu leo asubuhi nimekuona kwa macho yangu, umesimama mlangoni kwangu na baiskeli, lakini kukuona si kukujulia hali, kwa hiyo nauliza: hujambo? Kichwa kimeacha kugonga? Na Mama je, goti linamruhusu kupanda zile ngazi, au bado anashuka kinyumenyume kama fundi anayetoka darini?

Sisi huku tunaendelea. Mdogo anaota meno ya juu, mawili kwa mpigo, na nyumba nzima inayaota pamoja naye. Shemeji yako anasema amesahau usingizi una ladha gani. Mimi jana nimetia chumvi kwenye chai na nimeinywa yote bila kugundua, mpaka yeye alipoonja yake akanitazama kwa huruma. Kidoti, abiria wako wa shule wa kila asubuhi, anakuamkia, na anauliza kama mnyororo wa baiskeli yako umeshatiwa mafuta, maana anasema unalia kama panya aliyebanwa.

Utashangaa kupata barua. Kati ya mlango wangu na wako kuna mitaa miwili na duka la sabuni, na simu zetu zote mbili zina chaji. Hata shemeji yako nilipompa bahasha aliigeuza huku na huku, akaniuliza kama nimegombana na simu. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asikae kunywa chai, na asikuambie lolote. Sababu ya kuandika badala ya kusema nitaifikia. Nakuomba tu uisome mpaka mwisho, ukiwa peke yako, na usiruke aya ukidhani unajua ninakoelekea.

Nianze na ile Jumapili kwa Mama, kwa sababu najua bado imekukaa kooni, na mimi pia. Wimbo wenyewe unaujua kuliko mimi. Umeutunga wewe, gitaa ni lako, sauti ya mbele ni yako, kiitikio ni cha Mama. Kazi yangu ni moja, ile uliyonifundisha kabla sijaolewa: kupokea mlivyorekodi na kuvichanganya kwenye kompyuta mpaka viwe kitu kimoja cha kusikilizwa. Mtangazaji wa kipindi cha wasanii wachanga ametupa mpaka mwisho wa mwezi, na wewe umeshawaambia watu wote karakanani wakae karibu na redio. Kwa hiyo nilikuja na kompyuta mgongoni na mtoto kifuani, nimefurahi, nikidhani nimekuletea kitu kizuri.

Hukusikiliza hata nusu. Ulisema wimbo unanong'ona kama mgonjwa anayeomba maji. Ukasema nyimbo zote za redioni zinampiga mtu kifuani, na huu wetu ukifuata baada yake wasikilizaji watadhani mtangazaji ametoka kwenda haja. Mama alicheka, na mimi nilicheka kidogo, maana ukitaka kuchekesha unaweza. Kisha nikakueleza shida yangu. Nilisema siwezi kuupa wimbo nguvu kwa sababu sauti ulizonituma zimefika zimeshafanyiwa kila kitu. Ukisharekodi tu, unabonyeza kile kitufe cha tayari kilichoandikwa Sauti Nene, halafu kile cha kubana, halafu kile cha kuongeza makali, halafu unahifadhi juu ya ile ya mwanzo, na ile ya mwanzo inakufa. Nilikuomba unipe mbichi. Ukasema mbichi ni za watu wasiojua kupika.

Nikakugeuzia skrini ili uone mwenyewe. Sauti mbichi ikichorwa pale ina vilima na mabonde. Unapovuta pumzi kuna bonde, Mama anapoitikia kuna kilima. Zako zilikuwa kama ubao uliopita kwenye mashine yako ya kuranda: juu bapa, chini bapa, kimo kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kibanio kimekandamiza vilima vyote, kisha kikapandisha kila kilichobaki mpaka taa nyekundu ya onyo ikawaka. Nilisema wewe ni mtu wa mbao, unajua kabisa kwamba maranda yakishaanguka sakafuni hakuna anayeyarudisha kwenye ubao. Nilidhani mfano huo utakuingia.

Ulinijibu kwamba tangu niwe mama naogopa kelele. Kwamba kila wimbo nauchanganya kama wa kubembelezea mtoto. Ukauliza aliyenifundisha kushika kipanya ni nani. Mama akakwambia inatosha, mwache mwenzako, halafu ili atupoze akaomba kusikia sehemu yake. Uliweka ile uliyoichanganya wewe nyumbani. Mama akainama kwenye spika na mkono nyuma ya sikio, akauliza mbona yeye hayupo. Ukamwambia yupo, asikilize vizuri. Mama akasikiliza vizuri. Hakuwapo. Kiitikio chake cha chini, kile anachokiimba kama anazungumza na sufuria, kilikuwa kimefunikwa kabisa na gitaa. Ukasema basi tuongeze, na ukaongeza, mpaka glasi za kabatini zikaanza kutetema na mdogo akapasuka kwa kilio. Nilikunja kompyuta nikatoka. Sikuaga. Nimemwomba Mama radhi, na wewe sasa nakuomba.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya kutosha kufulia nguo za wiki nzima, na nilizifua. Neno lako la kuogopa kelele lilikuwa likizunguka nami kwenye beseni. Nikaapa nitakuonyesha kwa ushahidi kwamba umekosea, ili siku nyingine usiniambie habari za kubembeleza.

Nafasi ilipatikana Mama alipokuja kumchukua mdogo akashinde naye, eti nipumzike. Sikupumzika. Nilikaa mezani, nikavaa hedifoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikafunika masikio yote mawili. Kaka, tangu huyu mtoto azaliwe nimekuwa nikifanya kazi kwa sikio moja. La kulia naliweka kwenye wimbo, la kushoto naliacha wazi kwa ajili ya kitanda chake, nisije nikakosa kumsikia akipaliwa. Kila ulichonituma nimekisikiliza hivyo, upande wa kulia peke yake, halafu nakulalamikia kwamba ni kikali. Siku hiyo nilifunika yote, nikabonyeza, na wimbo ukalala upande. Ilikuwa kama kukaa kwenye benchi yenye mguu mmoja mfupi. Kulia gitaa lilikuwa linakwaruza kama msumari kwenye bati, limejaa, limepanda. Kushoto lilikuwa limetulia, zuri, lile la kwako ninalolijua.

Nilidhani ni waya. Nikaweka wimbo wa watu wengine, ukakaa katikati vizuri kabisa. Nikageuza hedifoni kichwani, ukali nao ukahamia sikio la pili. Basi si waya na si masikio yangu.

Nikafungua folda za zamani. Nilianza na wimbo tuliorekodi ulipokuwa bado stoo unapakia mbao, kabla hawajakupandisha cheo ukapewa mashine. Kulia na kushoto ni mapacha. Ule uliofuata, baada ya kupewa mashine, kulia kumepanda kidogo na makali yameongezwa kidogo. Ule wa baada yake, zaidi. Halafu huu. Nikakaa natazama, na ile hasira niliyokuja nayo ikaanza kunitoka taratibu, na kilichobaki mahali pake sikukipenda. Mtu akikosea hukosea ovyo, leo huku, kesho kule. Wewe ulikuwa unakosea kwa mpangilio.

Bado nilijitetea. Nilijiambia ni mtindo wako mpya, ni vile vitufe vya tayari, ni spika yako iliyotoboka. Nilitengeneza sababu nyingi, kila moja nikaisikiliza kama wimbo, na kila moja ilikuwa imepwaya. Kisha vitu vingine vikaanza kuja vyenyewe bila kuitwa. Ile siku nilipokuletea chakula karakanani ukanionyesha unavyosimama: mwili umeelekea mlangoni, mbao zinapita ubavuni, mashine inanguruma upande wako wa kulia. Simu unaishika kushoto siku zote, hata mkono wa kushoto ukiwa na kitu. Mezani kwa Mama ulihama kiti ukakaa ukutani, wote tuwe kushoto kwako, na sisi tukakutania kwamba umekimbia jua la dirishani. Na mnyororo wa baiskeli. Kidoti amekuambia habari za mnyororo zaidi ya mara moja, na kila mara umemjibu kwamba baiskeli yako haina neno.

Sasa nakuja kwenye lililonitoa usingizi hata kabla ya meno ya mdogo.

Nilikuwa namwogesha Kidoti. Akaniambia mjomba ana mchezo wake: ukimsemesha upande huu hajibu, mpaka umgonge bega la upande ule. Alilisema kwa fahari, kama mtu aliyegundua kabati linavyofunguka. Nikamuuliza mnauchezea wapi. Akasema njiani, nikiwa nimekaa nyuma. Halafu, huku anapuliza povu, akasema kuna siku lori lilipiga honi nyuma yenu mpaka yeye akaziba masikio, na mjomba hakuhama, na lori likapita hivi. Aliweka kiganja karibu na shavu lake kunionyesha. Akasema mtu wa lori alimtukana mjomba, na mjomba akasema malori ya siku hizi hayana adabu, yanakuja kimyakimya.

Nilimmwagia maji mengine kichwani ili asiuone uso wangu.

Siku iliyofuata nilikuwa na kliniki ya mdogo. Baada ya kupima uzito nilimuuliza muuguzi, bila kutaja jina la mtu, habari za watu wanaofanya kazi kwenye mashine za kelele. Alisema kelele huanza kula sauti nyembamba kwanza: kengele, ndege, herufi za kuzomea, sauti za watoto. Mtu anaendelea kusikia besi na ngurumo, kwa hiyo anaapa kwamba masikio yake ni mazima, na anaona watu ndio wanaomumunya maneno. Alisema lakini inaweza ikawa nta tu, au maradhi yanayotibika, na hakuna anayeweza kujua bila kupima. Akasema pia kwamba kilichokwenda huenda kisirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, na kila siku ya kungoja kinapungua. Kisha akaniuliza kama ni mume wangu. Nikasema ni mtu ambaye naye aliniuguza.

Ndiyo, nilikumbuka hilo pale benchini. Nilipokuwa na homa ile kubwa utotoni, ukiwa umekatazwa kuingia chumbani, ulikaa nje ya mlango ukawa unamwambia Mama kila nilipobadilisha namna ya kupumua. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kabla ya neno kuna pumzi, na kwamba mchanganyaji mzuri haikati. Kwenye wimbo huu umezikata zote. Nilidhani ni uzembe. Hukuzikata, Kaka. Hukuzisikia.

Sasa nifike kwenye lile nililokufanyia, ambalo nimelibeba siku hizi zote kama jiwe kwenye kiatu. Nilikutega.

Ile miksi ya mwisho niliyokutumia, nikasema nimekubali kushindwa na nimeupandisha wimbo kama ulivyotaka, haikuwa na wimbo peke yake. Nilimketisha Kidoti mbele ya simu nikamrekodi. Alisema, kwa ile sauti yake nyembamba: "Mjomba, ukinisikia, kesho piga kengele ya baiskeli mara mbili." Nikaichukua sauti hiyo mbichi, sikuibana wala kuinenepesha, nikaiweka upande wa kulia peke yake, pale katikati ambapo gitaa linapumzika na kushoto kuna ukimya mtupu. Sikuificha. Shemeji yako, ambaye hajui tofauti ya gitaa na ufagio, aliisikia kutoka jikoni akauliza kwa nini mtoto anapiga kelele ndani ya wimbo.

Uliponipigia ulikuwa na furaha. Ulisema hii sasa ndiyo kazi. Nikakuuliza kama umesikiliza kwa hedifoni. Ukasema kwa hedifoni, mwanzo mpaka mwisho, tena kwa kurudia. Nikakuuliza kama kuna kitu chochote cha ajabu pale katikati. Ulisema pale ndipo pazuri kuliko pote, pametulia, pasafi, nisipaguse. Ukasema niongeze sauti kidogo tu, basi. Nikasema sawa Kaka. Nilipokata simu nilikaa kando ya beseni la kufulia, na mtoto alilia muda mrefu kabla sijanyanyuka, mimi ambaye huwa namsikia akigeuka tu.

Hata hivyo nilingoja asubuhi. Nilijidanganya kwamba huenda unanitania, kwamba utafika na kengele mbili na kicheko. Kidoti alikuwa amevaa viatu mapema kuliko siku zote. Alisimama nyuma ya mlango na kiganja ukutani. Tulisikia mnyororo kwanza, kutoka mbali, ukilia. Kisha kengele, mara moja, kama kawaida yako. Akangoja. Nami nikangoja. Ukaita jina lake. Akanigeukia akasema labda mjomba hajafika mwisho wa wimbo.

Nikakufungulia nikakuambia Kidoti ana kikohozi, hatakwenda nawe. Ukamshika shavu ukasema mbona hana joto. Jana nikasema baba yake anataka kupita naye mahali. Leo nimesema kikohozi kimerudi, na nikaona jicho lako. Najua umedhani bado nina kinyongo cha Jumapili, nakunyima mtoto kwa ajili ya wimbo. Sitaki ukae na dhana hiyo hata siku moja zaidi.

Kwa hiyo naandika, na hii ndiyo sababu naandika. Kwa simu ungenijibu swali ambalo sikuuliza, mimi ningepaza sauti, nawe ungesema usinipigie kelele, na tungegombana tena juu ya kelele. Jambo hili sitaki kulipazia sauti. Karatasi haina kulia wala kushoto. Nimetaka ulipate lote, mpaka herufi ya mwisho, bila kukisia.

Na nadhani si jipya kwako. Mtu asiyejua kitu hahami viti. Nadhani umelijua kabla yangu, ukawa unaongeza makali wimbo hadi wimbo ukijaribu kukirudisha kilichokuwa kinaondoka, na ukaona ni rahisi kusema dada yangu anaogopa kelele. Sina hasira kwa hilo tena. Ningekuwa wewe huenda ningefanya vilevile. Najua unaogopa msimamizi akijua atakutoa kwenye mashine akurudishe stoo. Unaogopa Mama ataanza kukutazama kama anavyolitazama goti lake. Na unaogopa gitaa, hilo zaidi ya yote, hata kama hutalisema.

Sijamwambia msimamizi. Sijamwambia Mama. Shemeji yako anajua, kwa sababu nililia mbele yake nikashindwa kusingizia vitunguu. Hakuna mwingine, na hatakuwapo mwingine mpaka utakapotaka wewe. Lakini kuna mambo sitayabembeleza, Kaka, na unisamehe nikiyasema wazi, mdogo wako niliyelelewa mgongoni mwako. Kidoti hatapanda baiskeli hiyo mpaka sikio lako lipimwe. Utamwona kila siku, utamlisha, utamfundisha nyuzi, atakugonga bega apendavyo. Barabarani hapana. Na wewe mwenyewe usipite barabara ya malori. Zunguka kwa nyuma ya soko, hata kama ni mbali, na ukatae kusimama penye mashine bila kuziba masikio, hata wakikucheka. Wakikucheka waambie dada yako ni mkali. Wanajua.

Wimbo huu hauendi redioni kama ulivyo. Nimempigia mtangazaji nikamwambia tunaurekodi upya, akasema mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Siku zilizobaki zinatosha. Nitakuja na kompyuta, utapiga, Mama ataitikia, na kitufe nitakibonyeza mimi. Hakuna Sauti Nene wala kubana. Nipe mbichi, na pumzi zake. Uanze chini kama ulivyokusudia ulipoutunga, kama mtu anayeingia chumba chenye mtu amelala, na ukifika ubeti wa tatu ufungue, ndipo watu wa karakanani waruke kwenye viti. Watauona mkubwa kwa sababu ulianza mdogo. Hilo nalo nilifundishwa na wewe. Kuhusu kulia na kushoto usijisumbue. Mimi nina mazoea ya sikio la kulia, wewe una la kushoto, tutakaa kwenye benchi moja tugawane hedifoni kama zamani, na mdogo atakaa katikati atutafunie waya.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Ni ile ile miksi ya mwisho, isipokuwa nimebadilisha kitu kimoja tu. Ile sauti ya Kidoti nimeihamishia upande wa kushoto. Haijapandishwa. Iko kimo kilekile alichosema, kwa sababu naamini hapo utaisikia.

Nisalimie Mama, mwambie kiitikio chake nimekipata chini ya lile gitaa lako, kizima, na kwamba safari hii atajisikia. Mwambie pia supu yake imemtuliza mdogo kuliko dawa ya fizi. Shemeji yako anakusalimu na anasema siku ya kurekodi atakaa nje kabisa, ili asilaumiwe kwa kukohoa. Kidoti hajui habari za barua hii, lakini kesho atavaa viatu mapema, namjua, na atasimama palepale nyuma ya mlango.

Kliniki ya masikio inafungua asubuhi. Nimeshauliza, na nitakuwa nimevaa, mdogo mgongoni. Tutakwenda kwa miguu sote, baiskeli utaiacha kwangu, nami mnyororo wake nitautia mafuta nikirudi. Wewe fika tu kama siku zote. Ukishausikiliza wimbo, utajua kengele uipige vipi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyerudi nyuma,

Mama Kidoti